Washona Kola Waliolihamisha Dirisha

Kengele ya saa moja na nusu asubuhi inamkuta Taraivini Draunimasi keshaketi. Uzi mweupe umepita kwenye sindano, bobini imejaa, mguu uko juu ya kanyagio. Bunda la blauzi za shule linatua kushoto kwake bila kola. Baada ya muda linaondoka kulia kwake likiwa na kola. Hainui macho.

"Tara, umekunywa chai kweli leo?" anauliza Vasiti Lomani wa cherehani ya jirani, akipaza sauti juu ya mngurumo.

"Nimekunywa."

"Basi tabasamu kidogo. Kola zinakuogopa."

Mstari mzima unacheka. Bi. Kamla Wati, msimamizi, anapita katikati ya vyerehani, saa yake ikiwa kiganjani. Kucheka hakukatazwi hapa, mradi mikono isisimame.

Kiwanda hiki kiko Waidamu, mji mdogo usio mbali na Suva, mji mkuu wa nchi hii ya visiwa, na kazi yake ni sare za shule. Taraivini, mwenye miaka thelathini na minne, ameshona hapa kwa miaka kumi na mmoja. Analipwa dola tano na nusu kwa saa. Asiyekosa hata saa moja katika wiki mbili huongezewa posho ya mahudhurio, dola thelathini. Nyumbani kwa Taraivini, posho hiyo ndiyo gesi na umeme.

Kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili mwaka huu, alishona kola za watoto wa watu huku binti yake akikaa nyumbani. Mtoto hakuwa mgonjwa wala hakufukuzwa. Katika vitabu vya ofisi ya ustawi wa jamii, alikuwa amekufa.

Binti huyo ni Kelera, mwenye miaka tisa. Ana mtindio wa ubongo unaomzuia kutembea. Kusema haumzuii hata kidogo. Shule inayompokea iko ng'ambo ya mto, na basi la kawaida halipakii kiti chake cha magurudumu. Anakwenda kwa gari dogo lenye ngazi ya kuteremka, linalobeba watoto wenye hali kama yake kwa dola kumi kwa siku. Gari hilo lililipiwa kwa ruzuku ya serikali ya watoto wenye ulemavu. Bila ruzuku hakuna gari, na bila gari hakuna shule.

Kelera ni somo wa bibi yake mzaa baba, aliyeitwa Kelera Draunimasi kama yeye, jina la kwanza na la mwisho. Mtu akishapewa jina la mwenziwe, huchukua na heshima yake. Ndiyo maana nyumbani hakuna aliyemwita mtoto kwa jina. Walikuwa na Bibi Mkubwa na Bibi Mdogo, chini ya paa moja. Wote wawili walikuwamo kwenye vitabu vya ofisi ya ustawi: Bibi Mkubwa kwa pensheni ya wazee, Bibi Mdogo kwa ruzuku.

Januari Bibi Mkubwa akafariki. Walimpeleka kisiwani Kadavu kumzika, na Taraivini akamaliza siku zote za ruhusa alizokuwa nazo. Mumewe, Emosi, alikuwa Australia akichuma matunda kwa mkataba. Kwa hiyo shemeji yake Josaia, mkulima wa muhogo, akajitolea kupita ofisini kutoa taarifa ya kifo.

"Niliulizwa jina, nikasema Kelera Draunimasi," anakumbuka Josaia. "Nikaulizwa nyumba, nikaitaja. Nikaulizwa kama alikuwa analipwa na ofisi, nikasema ndiyo. Yote kweli tupu. Nikapewa pole, nikaenda zangu kupanda boti."

Yote yalikuwa kweli, na yote yaliwahusu wote wawili. Faili lililofungwa likawa la mtoto.

Februari ruzuku haikuingia. Pensheni ya Bibi Mkubwa ikaingia kama kawaida.

"Mama mkwe wangu yuko kaburini analipwa," anasema Taraivini. "Mwanangu yuko sebuleni anakula muhogo, naambiwa ni marehemu."

Josaia alipopata habari alikuja mbio. Aibu ilimtesa, akaja na ushauri wa haraka. Kadi ya benki ya marehemu ilikuwamo kabatini, na namba yake ya siri aliijua.

"Shemeji, tumia hii kwanza. Gari liendelee. Mama hangekataa."

"Mama hangekataa," Taraivini akamjibu, "lakini Mama hayupo. Wakija kugundua, watamfungia mtoto ruzuku moja kwa moja, na mimi nitafungwa. Nipe hiyo kadi."

Akaifunga kwenye leso, akairudisha kabatini. Dereva wa gari alivumilia wiki mbili bila malipo, halafu akaomba radhi. Naye ana watoto. Kuanzia siku hiyo Kelera akawa anabaki na jirani, akitazama barabara.

Kusahihisha kosa hilo hakukuwa kazi ngumu. Kilichotakiwa ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha kifo cha bibi, na mzazi mwenyewe kusimama dirishani. Vyeti vyote Taraivini alikuwa navyo. Tatizo lilikuwa dirisha.

Hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kiwanda huanza saa moja na nusu na kufunga saa kumi na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi adhuhuri. Ofisi iko mwendo wa dakika kumi tu kutoka lango la kiwanda. Kwa Taraivini ilikuwa kama iko Kadavu.

Alijaribu simu wakati wa chakula, ambao ni nusu saa. Sauti ya mashine ilimwambia kuna watu kumi na wanne mbele yake. Walipobaki watatu, kengele ya kazi ikalia. Siku iliyofuata akaanza upya, watu kumi na saba mbele yake.

Akamwendea Bi. Kamla.

"Ruhusa ipo," Bi. Kamla akamwambia. "Posho ndiyo haitakuwepo. Halafu nani atashona kola? Mikono ya blauzi haishonwi kabla ya kola. Wewe ukiondoka, mstari wote unakaa unatazama dari."

Bi. Kamla hakumtania, ndivyo kazi ilivyo. Lakini Vasiti alikuwa anasikiliza, na Vasiti hajawahi kusikiliza akanyamaza.

"Basi iwe ujima," akasema. "Kijijini nyumba inajengwa siku mbili kwa mikono ya watu. Kola ni nini?"

Wanawake wa mstari wakakubaliana. Jumatano moja ya Machi, wakati wa chakula, wangeshona kola za Taraivini kwenye vyerehani vyao, wawili wawili, mmoja akishona na mwenziwe akila. Bunda la kutosha saa mbili lingekuwa tayari kabla ya kengele. Saa zenyewe Taraivini angezilipa Jumamosi mchana.

"Bi. Kamla, unasemaje?" Vasiti akauliza.

"Mimi nahesabu kola," akajibu Bi. Kamla. "Visogo sivihesabu."

Jumatano ikafika. Wenzake wakala muhogo na samaki wa kopo wamesimama, mkono mmoja ukila, mwingine ukinyoosha kitambaa. Taraivini akatoka langoni nusu mbio, vyeti viko kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Akachukua namba. Foleni ilikuwa fupi. Namba yake ikaitwa, akainuka, akatazama dirishani.

Nyuma ya kioo alikaa Semi.

Semisi Ravuama ni mtoto wa baba yake mkubwa Taraivini. Kwa hiyo ni kaka yake, na kaka na dada wa kijiji chao hawasemezani ana kwa ana tangu wanapovunja ungo na kubalehe. Hawakai meza moja, hawatajani majina, hawapitishiani hata chumvi. Huo ndio mwiko, na ndio heshima yao. Tangu wawe watu wazima, Taraivini hajawahi kumwambia Semi neno, na wanapendana.

"Ningeweza kujilazimisha kutaja jina na tarehe," anasema. "Lakini faili la ulemavu lina maswali yake. Nani anamwogesha. Nani anambeba chooni. Usiku anajikojolea au la. Nimjibu kaka yangu hayo, kioo katikati, watu nyuma yangu wanasikia? Miguu yangu yenyewe iligeuka."

Semi naye alimwona. "Niliinuka nikaenda chumba cha nyuma, nimpishe," anasema. "Nilitaka mwenzangu aje amhudumie. Kumbe mwenzangu alikuwa ametoka kula. Niliporudi, dada hayupo."

Basi kila mmoja alimkimbia mwenziwe kwa adabu, na dirisha likabaki tupu.

Taraivini alirudi kiwandani na vyeti vyake. Walipomwuliza, alisema dirisha lilikuwa limefungwa. Usiku ule hakulala. Kesho yake, wakati wa chai, akawaambia ukweli.

Wanawake wale walikuwa wamekula wamesimama kwa ajili yake. Kisha Vasiti akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza.

"Semi? Semi huyu huyu aliyekuwa anakimbizwa na kuku? Huyo ndiye katufanya tumeze samaki na miba yake?"

"Vasiti, usicheke, jamani."

"Nicheke nini kama si hiki? Wewe una mwiko naye, mimi sina."

Na kweli hakuwa nao. Mama yake Vasiti ni shangazi yao wote wawili, Taraivini na Semi. Kwa binamu, mila haimtaki Vasiti anyamaze. Inamtaka amtanie, amwibie ndizi, amwite majina mbele za watu, naye Semi asinune.

"Niende mimi nikamsemee," akasema.

"Wanataka mzazi," Taraivini akajibu. "Hata ukimsemea, lazima niwepo. Na mkinishonea tena, Bi. Kamla hatakubali kila wiki."

Hapo fundi mmoja wa vifungo akasema kwamba naye baba yake hajaandikishwa pensheni, mwaka wa pili sasa, kwa sababu hiyo hiyo ya saa. Mwingine akasema cheti cha mtoto wake. Mwingine, kadi ya nauli ya mama yake. Vasiti akawataka wenye jambo lililokwama ofisini wanyooshe mikono. Zaidi ya nusu ya mstari wakanyoosha.

Mkono mmoja ulitoka nyuma yao. Ulikuwa wa Bi. Kamla. Mumewe alipata kiharusi mwaka juzi, na tangu hapo Bi. Kamla hajaweza kufika dirishani kumwandikisha hata mara moja.

"Mbona hukusema, didi, dada yetu?" Vasiti akauliza, mara hii bila utani.

"Ningesema kwa nani? Mimi ndiye ninayewanyima nyinyi ruhusa." Bi. Kamla akaitazama kantini, meza ndefu za mbao na benchi zake. "Sisi hatuwezi kutoka wote. Lakini hapa pana meza, na watu wa ofisini wana miguu."

Wiki iliyofuata Vasiti akachukua siku moja ya likizo yake. Alibeba fungu la mizizi ya yaqona, ile inayotwangwa ikawa kinywaji cha heshima, limefungwa vizuri kwa gazeti, kama anayekwenda kuingia kijiji cha watu. Alipofika dirishani aliliweka mbele ya kioo.

"Binamu," akasema, "nimetumia siku nzima ya likizo kuja kutazama uso wako, na uso wenyewe ni ule ule."

"Vasiti, kuna foleni," Semi akasema kwa sauti ya chini.

"Naiona. Nimesimama humo tangu saa tatu. Ofisi yako nzuri sana, binamu, ila inawahudumia wasio na kazi tu. Mwenye kazi mnamsubiri afukuzwe kwanza?"

Foleni ikacheka. Semi akaona aibu, lakini kwa binamu hana silaha.

"Hiyo yaqona iondoe. Haturuhusiwi kupokea zawadi. Wataita rushwa."

"Rushwa ya nini? Hii ni hodi. Nabisha hodi kwa mkubwa wako. Mwite."

Mkubwa wa tawi ni Bi. Fonmanu, mwanamke wa kisiwa cha Rotuma, mwenye maneno machache. Alitoka, akalisikiliza ombi lote akiwa amesimama. Vasiti akabadilisha sauti. Utani ulikuwa wa binamu, si wa mkubwa.

"Mama, sisi tunajua mnakwenda visiwani kwa boti. Mnakaa siku tatu, mnaweka meza, mnaandika watu. Ni jambo jema. Sisi tuko dakika kumi kutoka hapa, na hatujawahi kuiona meza hiyo. Kama tungekuwa ng'ambo ya bahari mngetufikia."

"Tulikuwa tukihesabu umbali kwa maili," anakiri Bi. Fonmanu. "Hatukuwahi kuuhesabu kwa saa za kazi." Yaqona hakuipokea. Alimwambia Vasiti airudishe kiwandani, na kwamba kama itanywewa, inywewe na wote siku ofisi itakapokuja. Alihitaji kibali kutoka juu, na meneja wa kiwanda naye alihitaji kushawishiwa. Bi. Kamla alimwonyesha meneja saa zilizopotea mwaka uliopita kwa ruhusa za aina hiyo. Meneja hakuuliza swali la pili.

Ikapangwa Alhamisi moja ya Aprili, wakati wa chakula, mstari mmoja baada ya mwingine.

Taraivini aliomba jambo moja tu: asije Semi. Ofisi ikaahidi kumleta karani mwingine. Asubuhi ya Alhamisi karani huyo akaamka na homa, na aliyeshuka garini na kompyuta kwapani, nyuma ya Bi. Fonmanu, alikuwa Semi.

Taraivini alimwona kutoka kwenye cherehani yake. Safari hii hakuondoka. "Nilifikiri, nikigeuka tena, muhula wa pili nao utampita mtoto," anasema. "Mwiko nitaushika, na nafasi yangu nitaishika."

Zamu yake ilipofika alikaa upande upande mwishoni mwa benchi, uso ameuelekeza kwenye sufuria za muhogo. Semi alikaa upande wa pili, macho kwenye kompyuta. Katikati akajipachika Vasiti, amefurahi kama bi harusi.

"Mwambie mhusika ataje jina la mtoto," Semi akasema.

"Mhusika, taja jina la mtoto," akasema Vasiti. "Ingawa anayeuliza alikula keki ya ubatizo wake, vipande vitatu."

"Viwili," Semi akasema.

"Kelera Draunimasi," Taraivini akamwambia Vasiti.

"Mwambie kompyuta inasema amefariki."

"Tara, kompyuta inasema amefariki."

"Mwambie kompyuta igeuke itazame mlangoni."

Mlangoni alikuwa Josaia, ametoka jasho, akisukuma kiti cha magurudumu. Alikuwa ametoka kisiwani jana yake kwa ajili ya kazi hiyo tu, na hakuruhusu mtu mwingine ashike kile kiti. Kwenye kiti alikaa Kelera, amevaa blauzi ya shule iliyopigwa pasi.

Kati ya Semi na dada yake kulikuwa na ukuta wa mila. Kati ya Semi na mtoto wa dada yake hapakuwa na hata uzi. Mpwa hana mwiko kwa mjomba. Akitamani kuku wa mjomba, humchukua. Akitaka shati, mjomba hulivua. Hilo linajulikana toka Kadavu hadi Lau, na Kelera alilijua kuliko wote.

"Mjomba Semi!" akaita. "Kumbe ndiye wewe uliyeniua?"

Kantini ikaangua kicheko. Hata Bi. Fonmanu aliziba mdomo.

"Si mimi, Bibi," Semi akasema. Aliinuka, akaja akapiga magoti mbele ya kiti. "Yule aliyekosea amehamishwa."

"Basi nirudishe wewe. Bibi Mkubwa ndiye aliyekufa. Mimi ni Bibi wa sasa."

"Nakurudisha."

"Leo?"

"Leo hii."

"Na hii kofia naichukua," Kelera akasema, na akaichukua. Semi aliinamisha kichwa ili mkono wa mtoto ufike.

Hapa ni lazima kusema wazi jambo moja. Kelera hakurudishwa vitabuni kwa sababu mjomba wake ni karani. Sheria za ofisi hazimruhusu karani kuidhinisha faili la ndugu yake. Semi alifungua ukurasa, akaandika tarehe mbili za kuzaliwa zilizokuwa kwenye vyeti, akaonyesha mahali faili moja lilipofungwa badala ya jingine, kisha akaondoka mezani. Yalipofika maswali ya kuogesha na choo, kiti chake kilikaliwa na Bi. Fonmanu, aliyeuliza kwa sauti ndogo na kuandika mwenyewe. Saini ni yake. Mila ya kijiji na kanuni ya serikali siku hiyo zilitaka kitu kimoja.

Kabla ya kuinuka, Taraivini alifungua leso na kuweka kadi ya benki mezani.

"Hii ni ya marehemu wa kweli," akasema. "Hatukuigusa."

Bi. Fonmanu aliigeuza kadi kiganjani, akaitazama, akamtazama Josaia, ambaye ghafla aliona kitu cha maana sana kwenye dari. Pensheni iliyoingia baada ya kifo ilirudishwa serikalini. Ruzuku ya mtoto ilirudi, pamoja na miezi yote iliyokatwa.

Kengele ya kazi ikalia. Taraivini aliinuka, akamgusa Kelera shavuni, akarudi kwenye cherehani. Siku ile watu ishirini na wawili walihudumiwa bila mmoja wao kukosa posho ya mahudhurio. Miongoni mwao alikuwa Bi. Kamla, aliyemwandikisha mumewe. Jioni yaqona ikatwangwa, ikanywewa na wote, Bi. Fonmanu akapewa bakuli la kwanza. Bi. Kamla anasema mchana ule mstari wake ulivuka lengo la kola. Sababu anasema haijui.

Muhula wa pili ulifunguliwa Mei. Asubuhi hiyo Taraivini hakuweza kumpandisha Kelera garini, kwa kuwa gari huja saa mbili na yeye huingia saa moja na nusu. Lakini gari hupita barabara ya kiwanda. Lilipofika usawa wa madirisha, dereva alipiga honi, akapiga tena, akazidi kupiga. Wanawake wakajua ni amri ya nani. Vyerehani vyote vya mstari vikanyamaza. Wakasimama, wakapunga vitambaa vyeupe visivyo na kola, wakapiga vigelegele hadi gari likapinda kona ya mto.

Bi. Kamla aliwaacha. Kisha akagonga meza kwa saa yake. "Haya. Kapita. Kaeni."

Sasa meza ya ofisi huwekwa kantini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Viwanda viwili jirani vimeomba yao. Vasiti ana lake jingine: anataka dirisha lenyewe lifunguliwe jioni moja kwa wiki hadi saa moja usiku, kwa ajili ya walinzi, wapishi wa hoteli na wabeba mizigo wa sokoni, ambao hawana kantini. Bi. Fonmanu amelipeleka ombi hilo kwa wakubwa wake. Vasiti ameahidi kuwabishia hodi na wao.

Mpango wa Taraivini ni mdogo zaidi. Kiti cha magurudumu cha Kelera alipewa akiwa na miaka mitano, na magoti sasa yanagusa kifua. Serikali hutoa vikubwa zaidi kwa anayekwenda kuomba.

"Nitaomba Alhamisi ya kwanza ya Julai," anatuambia, akikata uzi kwa mkasi bila kuutazama. "Nitakula muhogo wangu nimekaa. Nitapanga foleni, nitajaza, nitarudi hapa kabla ya kengele. Hakuna atakayenishonea, hakuna nitakayemwomba."

Anavuta bunda jingine.

"Siku hiyo msihangaike kuja na kamera. Hakutakuwa na habari."